Alama Kati ya Mama Yangu na Mama Yako

Moelagi alikuwa amemwahidi kaka yake sauti ya mama yao. Ropati angeshuka kwenye feri ya Ijumaa pale Salelologa, akitokea Auckland, baada ya miaka ya kununiana na mama hadi mama akaingia kaburini hawajapatana. Moelagi alimwambia kwenye simu, "Njoo tu. Kuna maneno alikuachia. Yamo humu redioni, hujawahi kuyasikia."

"Ya kunitukana?"

"Njoo uyasikie, we mkaidi."

Ndiyo maana Alhamisi asubuhi aliwahi kufika Redio Matagi, kabla jua halijalipasha moto bati la paa. Alitaka kuyasikiliza maneno hayo peke yake kwanza, alie anavyotaka, ili kesho awe na macho makavu mbele ya kaka yake. Katika chumba cha sauti feni ilikuwa imekwisha kugeuzwa ielekee kiti chake. Hiyo ilikuwa kazi ya Setefano, kijana anayeshughulikia kompyuta. Hakuna aliyemtuma; aliona tu kwamba Moelagi huteswa na joto, na tangu hapo hakuacha. Moelagi aliuona wema huo, akaketi, akamimina kakao kutoka kwenye chupa, akawasha kompyuta.

Redio hiyo ilikuwa na vipindi viwili ambavyo kwa ajili yake watu wa kisiwa cha Savaiʻi waliacha vyungu viungue. Cha kwanza kiliitwa Lou Tinā, yaani kwa Kisamoa Mama Yako. Humo mtangazaji aliwaendea akina mama wazee nyumbani kwao, wakasema na watoto wao walioko ng'ambo: mimi mama yako, goti limepona, nguruwe amezaa, mbona hupigi simu. Cha pili kiliitwa Loʻu Tinā, Mama Yangu. Humo watoto ndio waliosema, wakiwasifu mama zao, na wengi wa mama hao walikuwa wamekwisha kufa.

Ukiyasikia, majina hayo hayachanganyiki. Katika lile la pili koo hukata sauti katikati, kama mtu aliyetaka kukwama kisha akaendelea. Lakini kwenye maandishi kinachoyatenganisha ni kialama kimoja kinachoning'inia juu ya mstari, koma iliyopinduliwa. Na kwa kuwa kila mtu anajua kinachosemwa, watu wengi hawajisumbui kuiandika. Magazeti huiacha. Mabango ya kanisa huiacha. Hata mwalimu aliyemfundisha Moelagi kuiandika, barua zake mwenyewe hazikuwa nayo.

Kila kipindi kilikuwa na folda yake. Ndani ya folda hiyo mna folda za vijiji, na ndani ya kila kijiji mna mafaili yenye namba tu. Kulifikia faili ni sawa na kumfikia mtu: taja mji, taja mtaa, taja mlango. Moelagi aliandika njia ya kijiji chao, aliyoijua kwa moyo:

redio/lou-tina/vaisulu/01

Akabonyeza. Akafumba macho.

"Mama yangu Fuatino," ilisema sauti, "alikuwa mwanamke wa mikeka. Vidole vyake—"

Moelagi alifumbua macho. Ile haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa yake mwenyewe. Hayo ni maneno aliyoyasoma wiki moja baada ya mazishi, pua imeziba, katika kile kipindi kingine. Alidhani amekosea njia. Akaisoma herufi kwa herufi, hakukosea. Akabonyeza la pili. Yeye tena, akieleza jinsi mama alivyoloweka majani ya mkadi. Alirudi nyuma hatua moja, akarudi nyuma nyingine, mpaka mahali ambapo folda mbili za vipindi hukaa jirani, ukuta kwa ukuta.

Hazikuwa mbili. Ilikuwa moja.

"Sete!" aliita. "Setefano! Njoo hapa!"

Setefano alikuja na andazi mdomoni. Akalitoa alipouona uso wa Moelagi.

"Kuna nini, dada?"

"Folda ya pili iko wapi?"

"Folda ipi?"

"Hapa palikuwa na Mama Yako na Mama Yangu. Naona moja tu. Nyingine umeipeleka wapi?"

Kijana aliinama kwenye kioo. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kitu chenyewe kilivyohitaji.

"Wiki iliyopita niliandika programu ya kusafisha majina," alisema polepole. "Ile alama ya juu ilikuwa inatusumbua. Kuna watu walioiandika sawasawa, na kuna walioweka ile koma ya kawaida ya kwenye kibodi. Sasa ile ya kawaida, kwenye amri za kompyuta, ndiyo uzio wa kufungia maneno. Mashine ikiikuta katikati ya njia inadhani jina limeishia hapo. Inakwama. Unakumbuka Jumapili ile tulipokaa kimya hewani, mchungaji akapiga simu kuuliza kama tumekufa?"

"Nakumbuka. Endelea."

"Bosi akasema ondoa vidude hivyo vyote. Nikaandika programu ipite kila folda, ichukue jina, iondoe alama, halafu ihamishie vitu kwenye jina safi."

"Na ikifika ikakuta jina safi lina mwenyewe?"

"Niliandika hivi: kama folda ipo, ingia humohumo."

"Na mafaili?"

"Yanaingia nayo."

"Vaisulu kuna faili la kwanza kwenye Mama Yako. Kuna faili la kwanza kwenye Mama Yangu. Yote mawili yamekwenda mlango mmoja. Nini kimetokea, Sete?"

"La pili kufika... linakaa juu ya lile lililotangulia."

"Linauliza kwanza?"

"Haliulizi, dada."

"Hata mwizi huchungulia kama kuna mtu kitandani!" Moelagi alisimama, kiti kikagonga ukuta. "Hata mwizi, Sete! Umemlaza mtu juu ya mama yangu! Na mtu mwenyewe ni mimi! Nimekaa hapa nimefumba macho nimsikie mama, najisikia mimi najisifia uchungu wangu!"

Kijana hakujitetea. Andazi lilimponyoka, akaliokota akalitia mfukoni kama mtu asiyejua anachokifanya.

"Diski ya akiba," alisema. "Ngoja. Kuna diski ya akiba."

Alitoka mbio. Moelagi alibaki amesimama, feni ikimpepea, na upepo ule ulimkera kuliko joto. Alitaka kitu kibaya cha kumchukia kijana yule, asipate ila feni.

Setefano aliporudi hakukimbia, na Moelagi alijua kabla hajasema.

"Diski ya akiba inaiga kila asubuhi," alisema. "Kilichofutwa huku, nayo inafuta kule. Imeiga na kosa."

"Basi si akiba hiyo. Ni kasuku."

"Ndiyo, dada."

"Na zile kadi za vinasa sauti?"

"Tumerekodia kwaya juu yake."

"Vijiji vingapi, Sete?"

"Sijui. Vyote ambavyo mama alizungumza na baadaye mtoto naye akazungumza." Sauti ilimpungua. "Ni vingi."

Wakati huo mlango ulisukumwa akaingia Pauli, mkuu wa redio, mwanamume mnene mwenye kicheko cha kuambukiza watu, shati lake la maua limefungwa kifungo kimoja tu.

"Mnachinja nguruwe humu ndani? Kelele mpaka barabarani. Watu wa soko wanauliza nyama ni lini."

Moelagi alimweleza. Alijilazimisha kueleza taratibu, neno kwa neno. Pauli alisikiliza, akakuna tumbo, akaketi kwenye ukingo wa meza.

"Pole sana, Moelagi. Pole kabisa. Lakini tusimkaange huyu kijana kwa kidude ambacho hata mimi siandiki. Nani anaandika koma hizo siku hizi? Kila mtu anaelewa. Ukisoma, unaelewa."

"Mashine haielewi, bosi."

"Basi ni hitilafu ya mitambo. Tutatangaza hivyo: kumetokea hitilafu ya mitambo, tunaomba radhi. Watu wataelewa."

"Mama yako hajambo?" Moelagi aliuliza ghafla.

Pauli alishangaa. "Hajambo. Yuko Palauli, anasumbuliwa na sukari tu. Kwa nini?"

"Lou tinā!" Moelagi alimtupia.

Setefano aliziba mdomo kwa kiganja. Maneno hayo mawili, yakirushwa hivyo usoni mwa mtu, watu hupigana kwa ajili yake. Yamewahi kuvunja sherehe za harusi. Pauli aliinuka, shingo imevimba, na kwa mara ya kwanza tangu Moelagi amjue kicheko chake hakikuonekana popote.

"Umesema nini? Wewe mwanamke, umemtukana mama yangu? Ofisini kwangu?"

"Umekasirika, bosi?"

"Nisikasirike? Umemtaja mama yangu!"

"Nilitaka kusema loʻu tinā. Nilikuwa namtaja mama yangu mimi. Koma imedondoka tu njiani." Machozi yalimlenga, lakini sauti haikutetereka. "Kidude kidogo, bosi. Si umesema kila mtu anaelewa?"

Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa akiuza shelisheli za kuchoma, akitaja bei kwa kuimba. Pauli alibaki amesimama hivyohivyo, ngumi imekunjwa nusu, kisha ngumi ikafunguka. Aliketi tena, safari hii kwenye kiti.

"Nilimwambia mimi aviondoe," alisema.

"Ulisema," Setefano alijibu. "Lakini njia niliiandika mimi, bosi. Nilipoijaribu nilisoma majina yote mawili baada ya kusafishwa, macho yangu yakayaona sawa tu, kama tunavyoyaona kila siku. Sikujiuliza kwa nini yamelingana. Wewe hukuniambia nisiulize."

Moelagi aliyasikia maneno hayo. Kijana angeweza kujificha nyuma ya tumbo la bosi, na palikuwa na nafasi ya kutosha. Hakujificha. Lakini siku hiyo Moelagi hakuwa na mahali pa kuuweka wema wa mtu. Alichukua mkoba wake.

"Kaka yangu anafika kesho," alisema. "Nitamwambia nini? Kwamba sauti ya mama ilikuwapo, nikaikalia?"

Akatoka, akaiacha kakao inapoa mezani.

*

Nyumbani Vaisulu hakula. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Jirani alipokuja kuomba chumvi, Moelagi alimpa mfuko mzima bila kumtazama, na jirani, ambaye hakuwa mjinga, aliuacha mfuko mlangoni akaenda zake kimyakimya.

Alichokumbuka cha kipindi kile kilikuwa kidogo. Alikisikia mara moja tu, siku kilipotangazwa, huku akimenya magimbi. Mama alisema goti limepona. Alisema paa limebadilishwa. Mwishoni akasema, "Ropati, mimi mama yako," kisha akanyamaza kidogo, na kile kimya ndicho Moelagi alichokuwa amekihifadhi moyoni kwa ajili ya kaka yake. Utamsimuliaje mtu kimya? Simulia goti, simulia paa. Kimya hakisimuliki, husikilizwa.

Ijumaa asubuhi alimkuta Setefano ameketi kwenye ngazi za redio. Alikuwa amevaa shati lilelile la jana. Kando yake kikombe cha kakao cha Moelagi kilikuwa kimeoshwa, kimeinamishwa juu ya kitambaa.

"Usiniambie umelia hapa usiku kucha," Moelagi alisema. "Sina huruma leo."

"Sikulia, dada. Nilikuwa napita kijiji kwa kijiji, naangalia nani amekaliwa na nani amepona." Alisimama. "Vaisulu kuna faili la tatu."

"La tatu la nani?"

"Kipindi chako kilikuwa na mafaili mawili. Cha mama yako kilikuwa na matatu. La kwanza lako lilikalia la kwanza lake, la pili lako likakalia la pili. La tatu lake halikupata wa kulikalia. Lipo."

Moelagi alishika nguzo. "Lina nini?"

"Sijui. Sikulisikiliza."

"Umekesha nalo hukulisikiliza?"

"Niliona tarehe tu. Si mama yangu, dada."

Moelagi alimtazama, akataka kumpiga, akataka pia kumpa chakula. Akapita bila kufanya lolote kati ya hayo.

Kipindi cha mama kilikuwa na sehemu mbili tu. Hilo alilikumbuka vizuri. La tatu lingekuwa nini? Mzee Lafaele, aliyerekodi sauti zamani zile kabla hajastaafu, alikuwa na tabia ya kusahau kuzima kinasa mpaka afike langoni. Labda ni mlio wa viatu vyake tu. Labda ni mbwa. Mkono wa Moelagi ulikwenda kubonyeza, ukarudi. Kama ni mbwa tu, alitaka kuambiwa hivyo akiwa na mtu wa damu yake pembeni.

*

Ropati alishuka feri akiwa mnene kuliko kwenye picha, mvi zimemwingia, amebeba begi moja na boksi la biskuti. Walikumbatiana gatini, wakaachana haraka.

"Twende kaburini kwanza au redioni?" aliuliza.

"Redioni. Kaka, kuna jambo."

Alimweleza wakitembea, na kabla hawajafika lango la redio Ropati alikwisha kusimama katikati ya barabara, begi limeanguka miguuni.

"Umeniita kutoka Auckland," alisema, "nije nikusikilize wewe?"

"Ropati—"

"Kwenye mazishi hukunisubiri. Sawa, nilichelewa, sikufika, nimekubali. Kaburi mmelijenga bila mimi. Nimekubali. Kitu kimoja kilichobaki changu, na chenyewe umekijaza domo lako! Tangu utoto, Moelagi! Mama akitaka kuniambia jambo, wewe unadakia!"

"Nani alikaa hapa akamwogesha?" Moelagi naye alipaza sauti. "Nani alimkanda lile goti? Wewe ulituma nini, biskuti? Kama ulitaka sauti yake kulikuwa na simu! Ilikuwa inalia, Ropati! Alikuwa anaipokea!"

Wauzaji sokoni waliacha kuita wateja, na wale waliokuwa wakicheza karata waliziinamisha karata zao. Mama mmoja mwenye mwavuli alikuja, akaliokota begi la Ropati, akalipangusa vumbi, akamshikisha mkononi kana kwamba hakusikia neno hata moja.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alimwambia, akaendelea na njia yake.

Hilo ndilo lililowawezesha kupanda ngazi.

Chumbani, Setefano alikuwa ameweka viti viwili. Alisalimia, akageuka kutoka.

"Kaa," Moelagi alimwambia. "Usikie ulichobakiza."

Aliandika njia. Redio, mama yako, Vaisulu, tatu. Akabonyeza.

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mzee Lafaele: "Haya mama, tumemaliza. Ahsante sana."

"Umezima?"

Ropati alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikuwa mama mwenyewe. Sauti yake ya kila siku, yenye kukoroma kidogo chini, ile ambayo redioni huwa haitoki kwa sababu watu wakiona kinasa huongea kama wako kanisani.

"Nimezima, mama."

"Basi kula. Chukua hilo, na samaki. Aa, hilo gimbi usiguse. La Ropati hilo."

"Ropati si yuko Auckland?"

"Na gimbi lake liko hapa. Unaona ajabu gani? Kila Jumapili naweka sahani yake, nafunika na jani. Jioni naimwaga kwa nguruwe. Yule nguruwe amenenepa kuliko mchungaji." Lafaele alicheka, na mama akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikapita.

"Ungemwambia hayo kwenye kipindi, mama. Umemwambia habari za goti tu."

"Niseme mbele ya kisiwa kizima kwamba nampikia mtu asiyetaka hata kunipigia simu? Sina haya? Nimemwambia goti limepona. Akitaka kuelewa ataelewa. Maana yake naweza kwenda gatini kwa miguu yangu."

"Na ule ugomvi wenu?"

"Ugomvi gani? Mimi nilisahau siku ileile. Yeye ndiye hajui kusahau, kamrithi baba yake. Kula, Lafaele, samaki anapoa. Moelagi! Leta maji! Huyu mtoto naye, ukimwita kama unaita jiwe..."

Kifuniko cha sufuria kiligonga. Mbwa alibweka. Mkwaruzo ukakatika.

Ropati alikuwa ameinama, mikono kisogoni, mabega yakimpanda na kushuka. Moelagi alifikiri atalia yeye, lakini alichokisikia kifuani kilikuwa bado hasira, moto uleule, ila sasa ulikuwa na mahali pa kukaa. Kumbe mama alikuwa na mengi namna hii, na wao walimuomba salamu za redioni. Na akina mama wa vijiji vingine, ambao hawakuwa na faili la tatu?

"Tena," Ropati alisema.

Alilisikiliza faili lile tena, na tena. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nyumbani kuna magimbi?" aliuliza.

"Yapo."

"Nguruwe asipewe."

"Nguruwe alichinjwa kwenye mazishi, kaka."

Ropati alicheka kicheko kibaya cha mtu aliyekuwa akilia, kisha akamgeukia Setefano. "Wewe ndiye uliyefuta?"

"Ndiye mimi."

"Na wewe ndiye uliyelipata hili?"

"Halikuhitaji kupatikana. Lilikuwapo tu."

Ropati hakumwambia pole, hakumwambia ahsante. Alifungua boksi la biskuti, akamsogezea.

*

Saa kumi alasiri, kabla ya taarifa ya habari, Moelagi aliingia studio. Pauli alikuwa amemwandalia maneno kwenye karatasi, hitilafu ya mitambo, radhi kwa usumbufu. Moelagi aliigeuza karatasi ikalala kifudifudi. Pauli, nyuma ya kioo, aliliona hilo. Alikuwa na kitufe cha kuizima sauti pale chini ya kidole chake. Alikiondoa kidole.

"Ninyi mnaonisikiliza," Moelagi alisema, "sauti za mama zenu tulizozirekodi, nyingi hazipo tena. Hazikuharibika zenyewe. Sisi tuliondoa alama moja kwenye majina ya folda, ile koma tunayoidharau sote, tukaifanya Mama Yangu na Mama Yako kuwa njia moja. Sauti za watoto zikaenda kuketi juu ya sauti za mama. Hatukuangalia kama kuna mtu. Nitataja vijiji. Kaeni chini kwanza."

Akavitaja. Kila jina lilimtoka kama jiwe.

Simu zilianza kulia hata kabla hajamaliza. Ya kwanza aliipokea mwenyewe, akiwa bado na vipokea sauti vya masikio shingoni. Mwanamume wa Fagaolo aliuliza kama mama yake amebakia hata kipande. Moelagi alimtazama Setefano, Setefano akaangalia kompyuta, akatikisa kichwa.

"Hapana," Moelagi alisema. "Hakubaki. Pole."

Yule mwanamume alitukana tusi zito, akakata. Moelagi aliirudisha simu mahali pake. Aliona mwanamume yule ana haki.

Kwenye kompyuta, ile programu ilikuwa imefunguliwa. Setefano alikuwa amerudisha majina mawili, kila moja kwenye mstari wake, na kwenye moja koma iliyopinduliwa ikining'inia juu mahali pake. Mbele ya amri ya kuhamisha alikuwa ameongeza swali, kwa Kisamoa, ambalo mashine ingemuuliza mtu yeyote kabla ya kuhamisha chochote: Mlango huu una mwenyewe. Umepiga hodi?

Simu ililia tena. Moelagi alinyosha mkono, lakini wa kijana ulitangulia.

"Ndiyo, mama," alisema, na shati lilikuwa limemlowa mgongo mzima. "Hapana, usimlaumu dada. Mimi ndiye niliyefanya. Niambie kijiji, na niambie jina lako. Nakusikiliza."

Moelagi hakuwa amemsamehe. Aliinuka, akaigeuza feni ielekee upande wa kijana, akarudi kuketi kwenye joto kusubiri simu iliyofuata.